Maskani chini ya udongo: ganda la zege laweza mzigo, je, maji?

Katika toleo lililopita tulizungumzia joto la nyumba za bati, na namna miti, baraza na dari vinavyoweza kulipunguza. Tangu hapo tumeulizwa, tena si na mtu mmoja, kuhusu picha zinazozunguka katika simu: nyumba zilizofunikwa kwa udongo na majani mabichi, madirisha yake yakichungulia kutoka ubavuni mwa kilima. Je, ni nyumba za kweli? Wamo watu wanaoishi ndani yake? Na familia yenye kipato cha kawaida yaweza kuifikiria nyumba ya namna hiyo, au ni mapambo ya matajiri wa mbali?

Nyumba hizo ni za kweli, na nyingi katika picha hizo ni za Uswisi. Katika mji wa Dietikon, jirani na Zürich, upo mtaa mdogo wa nyumba 9 uliokamilika mwaka 1993 kwa usanifu wa Peter Vetsch, mtu aliyejenga makumi ya nyumba za aina hii katika maisha yake ya kazi. Nyumba hizo zimelizunguka bwawa dogo la kuchimbwa. Apitaye upande wa juu huona vilima vya nyasi tu. Akishuka hadi kwenye bwawa ndipo huona vioo, milango na watu. Ndani hamna kona. Ukuta hupinda ukawa dari, na dari hushuka ikawa ukuta wa upande wa pili. Sebule zimeelekezwa kusini zipate jua, vyumba vya kulala kaskazini, na mabafu yaliyo katikati hupata mwanga kwa madirisha yaliyotobolewa paani.

Swali letu leo ni kwa nini nyumba hizo zimepinda. Wengi hudhani ni urembo. Sivyo. Zimepinda kwa sababu udongo ni mzito kuliko tunavyoukadiria kwa macho.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Nyumba ndogo ya mita 8 kwa 10 ina paa la mita za mraba 80. Tukiifunika kwa udongo wa kina cha sentimita 60, tumeweka juu yake mita za ujazo 48. Udongo wenye unyevu wa kawaida una uzito wa takriban tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo. Basi juu ya vichwa vya watoto wetu wamelala tani 86, yaani malori tisa hivi ya tani kumi. Ikinyesha mvua ya siku kadhaa, udongo ukashiba maji na kufikia tani 2 kwa mita ya ujazo, uzito unapanda hadi tani 96. Mvua peke yake imeleta lori la kumi, na hakuna aliyelisikia likiingia uani.

Sakafu ya ghorofa ya makazi, ile slabu bapa tuliyoizoea, kwa kawaida hukadiriwa kubeba watu na samani zao kwa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Udongo wetu wa sentimita 60 unazidi kilo 1,000 kwa mita hiyo hiyo. Slabu yaweza kutengenezwa kubeba uzito huo, lakini itadai unene mkubwa, nondo nyingi na nguzo zilizokaribiana. Sababu yake imo katika tabia ya zege lenyewe. Ukilikandamiza, ni hodari. Ukilivuta, ni dhaifu, na nguvu yake ya kustahimili mvuto ni kama sehemu moja tu ya kumi ya nguvu yake ya kustahimili mgandamizo. Slabu bapa inapoelemewa hujipinda kidogo kuelekea chini: upande wa juu unakandamizwa, upande wa chini unavutwa. Hapo chini ndipo nyufa huanzia, na ndiyo maana mafundi hulaza nondo upande huo.

Sasa chukua kifuu cha nazi, ukifudikize mezani, ukikandamize kwa kiganja. Kitu chembamba vile kinabeba uzito wa mkono mzima bila kulalamika. Nguvu haikai mahali pamoja. Inateleza juu ya mzingo, inashuka pande zote hadi mezani, na karibu kila sehemu ya kifuu inakandamizwa badala ya kuvutwa. Ganda la zege hufanya kazi hiyo hiyo. Linalipa zege kazi ambayo zege linaiweza.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1675 Mwingereza Robert Hooke aliandika kwamba mnyororo ulioning'inizwa kwa ncha zake mbili hujichorea umbo ambalo, likipinduliwa, ndilo tao lisilovutwa popote. Karne tatu baadaye mhandisi wa Uswisi, Heinz Isler, alikuwa akining'iniza vitambaa vilivyoloweshwa maji nje usiku wa baridi kali. Kitambaa kikiganda na kuwa kigumu, alikipindua, akapima mzingo wake, na kutoka katika vipimo hivyo akapata umbo la paa. Huko Mexico, Félix Candela alijenga mwaka 1958 paa la mkahawa wa Los Manantiales, Xochimilco, kwa ganda lenye unene wa sentimita 4 hivi tu. Paa hilo, hata hivyo, halikubeba udongo, na tofauti hiyo tutairudia.

Kabla ya zege, watu walijua mzingo kwa mikono. Hassan Fathy wa Misri, alipoanza katika miaka ya 1940 kujenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor, aliwaita waashi wa Kinubi, ambao walikuwa wakijenga mapaa ya matao kwa matofali mabichi ya udongo pasipo kuegemeza ubao hata mmoja chini yake. Katika nchi ambayo mbao ni ghali, fundi aliyejua mzingo aliweza kumwezekea maskini nyumba kwa udongo ule ule wa ukuta. Na sisi wa pwani tusijione wageni wa jambo hili: kuba na matao ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa karne nyingi mzingo umeyasimamisha mahali ambapo boriti zingekwisha oza.

Hata udongo juu ya paa tunaujua. Tembe la Wagogo lina paa bapa la miti lililotandazwa udongo, na Wairaqw wa Mbulu walikuwa wakizichimbia nyumba zao ubavuni mwa mlima, zikawa maficho wakati wa uvamizi. Tembe lilikwepa tatizo la uzito kwa njia yake: nguzo nyingi zilizosogeleana na vyumba vyembamba. Lilikuwa jibu la busara kwa mahitaji ya wakati wake, lakini asiyetaka nguzo katikati ya sebule atarudi kwenye mzingo.

Ganda lenyewe hujengwaje? Katika nyumba za Vetsch, baada ya msingi na sakafu kukamilika, nondo hukunjwa kufuata umbo la nyumba na kufungwa zikawa kama tenga kubwa lililofudikizwa. Juu ya tenga hilo hutandikwa wavu mwembamba wa chuma, kisha zege laini hurushwa kwa mpira wenye msukumo wa hewa hadi wavu na nondo vifunikwe pande zote. Zege likishakomaa, nje yake hupuliziwa povu zito la kuzuia joto na baridi, na juu ya povu ndipo huja kitambaa cha kinga na udongo. Mpangilio huu una maana yake. Kizuizi cha joto kikikaa nje ya zege, zege lenyewe linabaki upande wa wakazi, likihifadhi ubaridi wa usiku na kuugawa mchana. Kikiwekwa ndani, zege linakuwa mali ya udongo, na familia imepoteza hazina yake.

Yupo pia aliyetumia puto. Wallace Neff, msanifu wa California, alijaza upepo puto kubwa la kitambaa chenye mpira, akalifunika kwa wavu, akarushia zege. Likikauka, puto linatolewa upepo na kuvutwa kupitia mlangoni. Nyumba zake za kwanza zilisimama Falls Church, Virginia, mwaka 1941, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 zaidi ya elfu moja za mtindo huo zilijengwa Dakar, Senegal. Hizo hazikufunikwa udongo, lakini zina funzo kwa familia zetu. Kuba ni umbo lililokwisha kamilika. Mtoto akioa, mama mkwe akihamia, jamaa akija mjini kusoma, nyumba ya pembe nne huongezewa chumba ubavuni. Kuba haiongezeki hivyo. Kabati haliketi vizuri kwenye ukuta uliopinda, wala kitanda. Kadiri kaya za Dakar zilivyokua na viwanja kupanda thamani, nyingi ya nyumba hizo zimebomolewa au kumezwa na majengo yaliyoongezwa kando yake. Anayefikiria ganda la zege na afikirie tangu siku ya kwanza ganda la pili litaungana nalo wapi.

Turudi kwenye tofauti tuliyoahidi. Kifuu cha nazi ni hodari ukikikandamiza kwa kiganja kilichotulia. Kigonge upande mmoja kwa kisu, kitapasuka, na kila anayevunja nazi analijua hilo. Ganda hupenda mzigo uliosawazika. Hatari kubwa ya nyumba hizi haiji udongo ukishatulia, bali siku za kuufukia. Fundi mwenye haraka akiruhusu greda lisukume kifusi chote upande wa kushoto kwanza, ganda linasukumwa kwenda kulia na kupinda mahali ambapo halikukusudiwa kupinda. Ndiyo maana udongo hurudishwa kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, tabaka moja kushoto, moja kulia, ukishindiliwa kwa vifaa vyepesi, na mashine nzito zikikaa mbali na ukuta. Na hakuna kufukia kabla zege halijakomaa. Wahandisi huhesabu siku 28, nalo likimwagiliwa maji wakati huo lisikauke kwa pupa. Miguu ya ganda nayo husukuma kwenda nje, hivyo lazima ifungwe pamoja kwa nondo za msingi na sakafu. Mambo haya hayakadiriwi kwa macho. Paa la bati likianguka, mara nyingi watu hutoka na majeraha. Paa la tani 90 halitoi nafasi hiyo. Kwa hiyo tunasema bila kumumunya maneno: kazi hii isianze bila michoro ya mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, hata kama fundi wetu amejenga nyumba hamsini za kawaida.

Ama kuhusu ubaridi, ambao ndio uliowavutia wengi, hapa tunalazimika kuwapunguzia baadhi ya wasomaji wetu shauku. Udongo hauzalishi ubaridi. Unachofanya ni kusawazisha. Joto la mchana na baridi ya usiku hupotea kabisa katika nusu mita hivi ya kwanza, na ukishuka mita kadhaa hata tofauti ya majira hufifia, ukakuta joto lililo karibu na wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo. Basi nyumba ya udongo humpa mtu wastani wa nchi yake. Huko Matmata, kusini mwa Tunisia, ambako mchana wa kiangazi huweza kupita nyuzi 40 na usiku wa kipupwe ni baridi, wastani ni neema. Ndiyo maana Waberberi wa huko walichimba mashimo makubwa yenye ua wazi katikati na vyumba vikiuzunguka ardhini. Ua huo uliwapa hewa, mwanga na sitara kwa pamoja, mama akipika na watoto wakicheza bila jicho la mpita njia.

Dodoma, yenye wastani wa nyuzi 22 au 23 na usiku wenye ubaridi, yaweza kufaidika. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ni habari nyingine. Wastani wa Dar es Salaam ni karibu nyuzi 26, usiku na mchana havitofautiani sana, na hewa imejaa unyevu. Hapo udongo hauna ubaridi mwingi wa kukupa, ilhali hewa yenye unyevu ikigusa ukuta uliopoa kuliko yenyewe hutoa jasho, na jasho huzaa ukungu kwenye nguo, vitabu na vifua vya watoto. Kwa pwani, kwa maoni yetu, paa lenye kivuli na madirisha mawili yanayopitisha upepo wa bahari ni ubaridi wa bei nafuu kuliko tani 90 za udongo.

Sasa maji. Ganda limemaliza hoja ya uzito, lakini maji hayajali mzingo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa ziliharibu makazi mengi ya ardhini ya Matmata, na familia nyingi zikahamia mji mpya uliojengwa juu ya ardhi. Gourna ya Hassan Fathy, kazi ya mikono iliyosifiwa duniani kote, imeliwa kutoka chini na unyevu na chumvi ya ardhini. Marekani, baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, watu wengi waliingia katika ujenzi wa nyumba za udongo ili kuokoa gharama za kupasha nyumba joto, na lawama iliyosikika kuliko zote ilikuwa ya dari zinazovuja. Hata tembe lilistawi katika nchi kame.

Maji hufukuzwa kwa njia tatu zinazosaidiana, na hakuna hata moja inayotosha peke yake. Kwanza, mteremko: ardhi ya juu ikatwe mfereji ili maji ya kilima yapite kando kabla hayajafika nyumbani. Pili, utando usiopitisha maji juu ya ganda lote, na bora zaidi utando wa pili ndani ya udongo, unaotandazwa mita kadhaa kupita kuta kama mwavuli, ili udongo unaoizunguka nyumba ubaki mkavu. Tatu, bomba lenye matundu lililolazwa kwenye kokoto kuizunguka nyumba, chini ya usawa wa sakafu, likiteremka kuelekea mahali pa wazi. Juu pawe na nyasi, wala si mwembe. Mzizi wa mti hutafuta unyevu kwa subira kuliko fundi yeyote. Na penye bonde, au penye kisima ambacho maji yake ni mita mbili tu kutoka juu, mazungumzo haya yafungwe hapo hapo.

Limebaki jambo moja ambalo akina mama watalielewa upesi kuliko wengine, nalo ni hewa. Nyumba ya bati huvuja upepo kila upande, na uvujaji huo tunaoulaumu umetuokoa mara nyingi. Ganda lililofunikwa udongo halivuji. Jiko la mkaa likiingizwa humo usiku wa baridi, gesi yake isiyo na harufu wala rangi haina pa kutokea, na familia nzima yaweza kulala isiamke. Humo usiingie mkaa wala jenereta, hata kwa dakika chache. Jiko liwe na bomba la moshi linalopanda juu ya udongo, pawe na tundu la kuingizia hewa chini na la kutolea juu, na kila chumba cha kulala kiwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kupita kwenda nje. Nyumba yenye mlango mmoja mbele na udongo pande tatu ni mtego siku ya moto.

Gharama yake haina jibu moja. Zege, nondo, povu na utando vyote hununuliwa, na kazi ya kukunja nondo kufuata mzingo hula siku nyingi za mafundi. Ndiyo sababu moja iliyofanya maganda ya zege yapungue duniani baada ya miaka ya 1960, malipo ya kazi yalipopanda. Nyumba hii haina bati la kubadilisha wala ukuta wa nje wa kupaka rangi. Lakini mwenye fedha ya kutosha ganda tu, akitarajia utando na mabomba atayaongeza baadaye, ni afadhali asianze, kwa kuwa baadaye yake ipo chini ya tani 90.

Wapo wajenzi waangalifu wenye desturi tunayoipenda. Ganda likishakamilika na utando kuwekwa, hawaharakishi udongo. Huliacha wazi, nondo zote zimefunikwa, masika moja ipite juu yake. Mwenye nyumba huingia ndani kila baada ya mvua na taa mkononi, akiipitisha taratibu kwenye dari na kwenye maungio ya sakafu, na kila penye doa la unyevu huweka alama ya chaki. Doa hilo siku hiyo huzibwa kutoka nje kwa kazi ya asubuhi moja. Likifukiwa, huwa halionekani tena linapoanzia, maana maji huingia hapa, yakatembea juu ya mzingo, yakadondokea chumba cha tatu.